Kabureta Tatu, Nguvumali hadi Lushoto na Kurudi

Kila anayepita gereji ananiuliza neno lile lile: "Fundi, ilifika?" Nikimjibu mmoja anakuja mwingine. Mdomo wangu si redio. Nimechukua daftari la mjukuu wangu, nimeandika mara moja, na atakayeuliza tena nitampa asome. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona kosa la herufi linyamazieni. Mkiona kosa la injini, hilo semeni, kama mnalijua.

Habari za kibali cha petroli siandiki. Nilimwona nani, nilingoja siku ngapi, kila mtu wa mji huu ana hadithi yake ya hivyo na zote zinafanana. Naanzia pale tangi lilipojaa.

Kabla ya kuwasha

Kwa asiyeijua gari yangu: ni spoti ya Kiingereza, nyekundu, ya watu wawili, iko chini kama kaa. Iliachwa na meneja wa shamba la mkonge aliporudi kwao. Aliniachia mimi kwa sababu alikwisha ona kwamba Tanga nzima hakuna mwingine wa kuiwasha. Injini ina silinda sita na kabureta tatu, kila kabureta inalisha silinda mbili. Zikikubaliana, gari inaimba. Moja ikinuna, nyumba nzima haikaliki.

Kuzipatanisha ni kazi ya sikio. Nachukua kipande cha mpira, ncha moja naitia sikioni, ncha nyingine naiweka kwenye mdomo wa kabureta, nasikiliza inavyovuta pumzi. Pumzi ya kwanza lazima iwe sawa na ya pili na ya tatu. Miaka kumi na miwili nimefanya hivyo kila Ijumaa baada ya sala. Bi Mwanaidi, mke wangu, akiulizwa na wenzake hali ya nyumbani, hujibu: "Nyie mna mke mwenza mmoja mmoja. Mimi ninao watatu, na Ijumaa ndiyo zamu yao."

Watu wote wa mji wamenipa ushauri mmoja: toa hizo tatu, weka moja ya pikapu. Mafundi wenzangu wamesema, msikitini wamesema, hata aliyekuja kunyoosha baiskeli amesema. Aliyesema zaidi ni Amirali, mwenye duka la vipuri, duka la babu yake na baba yake. Miaka ile ya dhiki rafu zake zilikuwa na vumbi na mikanda ya feni ya saizi moja. Sasa milango imefunguliwa, vitu vinaingia, na Amirali ameleta pikapu nyeupe kutoka ng'ambo, iliyotumika lakini haina kelele. Akaja nayo hadi gereji.

"Fundi, tubadilishane. Wewe chukua hii, mimi nipe hiyo nyekundu. Nitazitoa hizo kabureta zako, nitatia moja ya maana, kijana wangu aringe nayo."

Nikamwambia, "Amirali, ukitaka kuringa na punda, nunua punda."

Lakini Bi Mwanaidi alikuwa dirishani, na pikapu aliiona. Shamba letu la minazi liko Moa, na nazi zetu kuzifikisha mjini ni kubembeleza lori za watu. Jioni ile hakula nami. Ndipo ikaja barua kutoka Lushoto: mtoto wa dada yake anaoa. Bi Mwanaidi akasema:

"Baba Zuhura, twende na hiyo gari yako."

Nilidhani anatania. Miaka kumi na miwili hajaikalia, anasema kukaa mle ni kama kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Twende nayo," akasema, "mpaka Lushoto na turudi. Ikienda na kurudi bila kusukumwa na mtu, sitasema neno juu yake mpaka nife. Ikisukumwa, hata mara moja, hata hatua tatu, unampa Amirali na pikapu inaingia uani kwangu."

"Na hendeli, nikiizungusha injini kwa mkono?"

"Hendeli si kusukuma. Piga mpaka mkono ukatike."

Nikampa mkono. Amirali alipopata habari akacheka mpaka akakaa chini. Akasema siku ya kurudi kwetu atakuja na pikapu kutungoja mlangoni, asipoteze wakati.

Neno moja zaidi, maana bila hilo hamtaelewa mbele. Kila kabureta yangu ina kopo lake juu, na ndani ya kopo mna pistoni inayopanda na kushuka kama kifua cha mtu. Katikati ya pistoni mna kijishimo cha kutia mafuta mepesi, ili isipande kwa pupa. Mafuta yenyewe ni ya kopo dogo la kizungu ambalo Tanga halikuonekana kwa miaka. Nilijaribu oili ya injini iliyochujwa, pistoni zikawa na uvivu. Nilijaribu mafuta ya taa, yakapotea. Mwisho nikatia mafuta ya nazi, anayopika Bi Mwanaidi mwenyewe, mepesi, safi kama maji. Gari ikaimba. Miaka minne naitilia hayo, na sikufundishwa na mtu, nilibuni mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ya safari nikajaza vijishimo vyote vitatu kutoka kwenye chupa ile ile aliyoifunga kumpelekea dada yake.

Nguvumali hadi Segera

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Gari iliwaka nilipojaribu mara ya pili, jirani zangu wote wakatoka na miswaki mdomoni. Bi Mwanaidi akaingia kwa kurudi nyuma, kitako kwanza, akashusha pumzi kama anayeteremka kisimani. Nyuma tulipakia mchele, nazi, kapu la mikate ya kumimina na samaki wa kupaka. Kwa gari ya watu wawili, ilikuwa imejaa kama tumbo la sikukuu.

Muheza tulisimama kununua machungwa. Nikafungua boneti nikasikiliza kabureta kwa mpira, na wauza machungwa wakakusanyika. Mama mmoja akamwuliza Bi Mwanaidi, "Huyo ni daktari?" Akajibiwa, "Ni daktari, lakini ana wagonjwa watatu tu, na hawaponi."

Barabara baada ya Muheza mnaijua. Lami imebaki kwa ajili ya kuonyesha shimo linaanzia wapi. Gari yangu iko chini, kila shimo nalipitia kwa adabu. Malori yanatupita, utingo wanatuzomea. Nikawaacha wapite. Anayeikimbiza gari mbovu hana cha kupoteza.

Segera pana kizuizi, na hapo tulikaa saa mbili nzima. Mgambo aliyesimamia kamba alikuwa kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Akaizunguka gari. Akanitazama kanzu yangu, akatazama makubazi yangu ya tairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gari ya nani hii?"

"Yangu."

"Sawa. Tajiri mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa kichekesho na mzee. "Mzee wangu, mimi sikukamati. Wewe ni dereva, huna kosa. Tunamngoja tajiri wako aje na gari ya nyuma, tumwulize habari za mali hii."

Hata sasa, mnajua, mtu akionekana na kitu kizuri ni mlanguzi mpaka athibitishe vingine. Nikamwonyesha kadi. Akasema jina langu linaweza kuandikwa tu na tajiri anayejificha. Nikamwambia nimeitengeneza kwa mikono hii. Akasema ndiyo, dereva mzuri hutengeneza. Basi akatuletea benchi, akatuletea hata maji, kwa heshima zote, na sisi watatu tukakaa tukimngoja tajiri ambaye ni mimi.

Damu ilinichemka. Nimeanza kazi nikiwa naosha misumari ya reli kwa mafuta machafu. Sijaiba hata nati. Na kijana wa jana ananipa benchi kwa huruma.

Bi Mwanaidi alikuwa amekula machungwa manne. La tano akaliweka chini.

"Mwanangu," akamwambia mgambo, "umeoa?"

"Bado, mama."

"Ukioa utajua. Mwanamke haionei wivu gari ya watu. Mimi miaka kumi na miwili naisikia petroli kwenye mto wa kitanda changu. Mwenye gari ni huyu. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningekwisha irudisha kwa mwenyewe zamani."

Kijana akafikiri. Akaniangalia vidole. Akaenda kuteremsha kamba.

Tulikwenda maili nzima. Kisha nikamwambia, "Ahsante." Akajibu, "Sikukusaidia wewe. Machungwa yalikuwa yanakwisha."

Segera hadi Mombo

Korogwe tulikula. Samaki walikuwa wamevunjika kwa mashimo, tukawala wakiwa kama chachandu. Mwenye mgahawa alituuzia chai isiyo na sukari, akaomba radhi, halafu akatuonea haya akatoa vipande viwili vya sukari guru kutoka mfukoni mwake. Mfukoni, naandika tena, pamoja na funguo. Tulikunywa.

Baada ya Korogwe barabara inanyooka. Milima upande wa kulia, mkonge upande wa kushoto, na lami ya pale, sijui walisahau kuiharibu. Gari ikapata joto lake. Nikasikia kabureta zimekubaliana zenyewe, bila mpira. Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Shika kapu," nikakanyaga.

Asiyeisikia hawezi kuelezwa. Pistoni tatu zinapanda kwa pamoja, hewa inaingia kwa sauti moja, kama watu wa dufu wanapoinama wote mara moja. Mkonge ukawa ukuta mmoja. Lile lori lililotuzomea tulilipita kabla utingo hajafungua mdomo. Ushungi wa Bi Mwanaidi ukaruka ukanasa kwenye nazi nyuma. Nilipoona hivyo nikaachia mguu, maana nilijua litakalofuata ni matusi.

Akautafuta ushungi, akaufunga. Akaangalia mbele muda mrefu.

"Tena," akasema.

"Unasemaje?"

"Wewe kiziwi? Fanya tena."

Nikafanya tena.

Mombo tuliiacha injini ipoe chini ya mti wa mkungu, tukanunua ndizi za kuchoma. Dereva mmoja wa lori la kabichi, mtu wa milimani, akainama kuchungulia injini.

"Mzee, kabureta tatu za nini? Hiki kitaota mizizi kabla ya Soni. Weka moja ya pikapu."

Nikamwambia mafuta niliyoyatia mle hayajui hata mwenye kiwanda. Nikamweleza siri yangu ya nazi, kwa sauti, wote wasikie. Akanitazama. "Mafuta ya nazi? Huko juu?" Nikasema huko juu, huko chini, kokote. Akatikisa kichwa akaenda kwenye lori lake. Nilidhani amekosa la kujibu. Na mimi sikumwuliza, kwa sababu sina tabia ya kuwauliza watu wa kabichi habari za injini.

Mombo hadi Lushoto

Kupanda kule ni kona juu ya kona. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia hakuna kitu, unaona vichwa vya migomba kwa chini kama unaota. Bi Mwanaidi alisoma Ayatul Kursi kuanzia kona ya kwanza. Alipomaliza alianza upya. Mimi nilipanda gia ya pili, polepole, injini ya moto, kabureta zinavuta sawasawa. Soni tukasimama dakika tano karibu na maporomoko, si kwa sababu ya gari, kwa sababu ya magoti yangu. Nililiona lori la kabichi limesimama pembeni, maji yanatoka kwenye rejeta kama birika. Nikapiga honi mara tatu. Mara moja ilitosha, lakini nikapiga tatu.

Lushoto tulifika alasiri. Shemeji Yahaya, mume wa dada yake Bi Mwanaidi, ni fundi cherehani, Mshambaa wa pale pale. Nyumba nzima ikatoka kwa vigelegele. Bwana harusi akaipapasa gari akaomba kesho imchukue yeye kwenda kwa bibi harusi, huko Magamba, aonekane. Nikasema hilo ni dogo. Nikaiegesha mahali tambarare kabisa. Pale palikuwa na mteremko mzuri, lakini sikutaka mtu aje kusema mlima ndio uliniwashia.

Baridi ya kule mwezi ule wa kipupwe haina huruma. Bi Mwanaidi alijifunga kanga tatu na koti langu. Tulikula viazi na maharage karibu na moto, tukalala tumejikunyata kama kambare.

Lushoto, asubuhi

Saa mbili asubuhi bwana harusi alikuwa tayari, kanzu imenyooshwa, kilemba kichwani. Nikawasha. Injini ikawaka, ikaguna, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikapiga tena. Ikaguna, ikazima. Nikatoa hendeli. Nilipiga mpaka koti likawa zito, halafu nikalivua. Ikikanyagwa mafuta ndiyo inazidi kukosa pumzi.

Kabureta moja nikiikuta inaumwa naijua kabla sijafungua boneti. Mbili zikiumwa, najua nani kamwambukiza nani. Lakini tatu kuzima kwa pamoja sijaona maishani. Nikasema ni petroli, wamechanganya na mafuta ya taa. Nikavifungua vikombe vya chini vya kabureta, nikaosha sindano zote kwa petroli safi ya tangini, nikamwaga, nikaosha tena. Zilikuwa safi. Nikaosha mara ya tatu kwa hasira. Petroli ile niliyoimwaga kwenye majani ya watu itarudi mbele ya habari hii, ikumbukeni.

Watu wakajaa. Rafiki za bwana harusi, vijana kumi na wawili wenye mikono kama magogo.

"Babu, tusukume kidogo tu. Hapo mbele ni mteremko, itawaka yenyewe."

"Asiguse mtu!"

"Babu, hatua kumi tu. Sheikh anangoja."

"Nimesema asiguse mtu! Atakayeweka mkono kwenye gari hii, mkono ule aende nao nyumbani akiwa ameubeba!"

Wakarudi nyuma. Bwana harusi akaanza kutafutiwa baiskeli. Shemeji Yahaya akasema kwa sauti ya chini, ya kunihurumia, "Shemeji, si aibu. Hata ng'ombe husukumwa."

Nami nilijua, mbele ya watu wale wote, kwamba nikishindwa hapa zimekwisha. Amirali atazifungua kabureta zangu kwa spana isiyo saizi yake, azitupe kwenye sanduku la vyuma. Miaka kumi na miwili ya Ijumaa, sandukuni.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini, anatazama. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na neno la kusema, na neno lenyewe lilikuwa fupi: sukumeni. Au hata asiseme. Angekaa tu pale, jua lipande, mimi nichoke, pikapu iwe yake. Nikamwona anainuka anaingia ndani. Nikadhani amekwenda kufunga vitu vyetu turudi kwa basi.

Akatoka na chupa. Ile chupa ya mafuta ya nazi aliyomletea dada yake. Akapita katikati ya vijana, akaja akaiweka juu ya bawa la gari, pale juu ya tairi, mbele ya macho yangu. Akageuka akarudi kizingitini.

Chupa ilikuwa nyeupe. Mafuta yameganda, meupe, magumu, kama samli, kama mshumaa. Nikaigeuza kichwa chini. Hayakutikisika.

Enyi watu wa pwani, mimi nimezaliwa Moa. Kwetu mafuta ya nazi siku ya baridi kali huingia wingu kidogo, jua likitoka yamekwisha yeyuka. Nani kwetu aliwahi kuyaona yamekuwa jiwe? Nikafungua kifuniko cha kabureta ya kwanza, nikachomoa. Pistoni imeshikwa na mafuta kama mguu kwenye saruji. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Zilikuwa hazina ugonjwa. Nilikuwa nimezitilia mshumaa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikaisifu kazi hiyo Mombo mbele ya watu wa kabichi.

"Maji ya moto!" nikapiga kelele. "Na matambara!"

Birika zikaja mbio. Nikayafunga makopo yote matatu kwa matambara ya moto, mafuta yakalegea, nikayafyonza, nikafuta mpaka pakavu. Sasa nitie nini? Lushoto nzima hapakuwa na mafuta mepesi ya gari. Macho yangu yakaangukia barazani kwa Shemeji Yahaya, kwenye cherehani yake, na pembeni yake kile kikopo kidogo chenye mdomo mrefu.

"Shemeji, lete mafuta ya cherehani."

"Haya ndiyo yamebaki, na nguo za harusi bado..."

"Shemeji!"

Akayaleta. Mepesi, hayana rangi. Nikatia tone tone katika vijishimo vitatu. Nikainua pistoni ya kwanza kwa kidole, nikaiachia. Ikashuka polepole, kwa adabu, tak. Ya pili, tak. Ya tatu, tak. Machozi si yangu, ilikuwa moshi wa jikoni.

Nikapiga hendeli mara moja. Mara moja, waulizeni. Gari ikalia mpaka kuku wakapanda juu ya paa.

Shemeji Yahaya alikuwa amejishika mbavu. "Watu wa Tanga! Mnaipaka injini mafuta ya nywele! Mngeitia na wanja basi!" Kumbe mtoto yeyote wa Lushoto anajua mafuta ya nazi kule hayakai bila moto. Hata yule mtu wa lori alijua. Nikamwambia shemeji acheke, ana haki, lakini acheke huku anapanda, bwana harusi anachelewa. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Bwana harusi akakaa, shemeji akakimbia nyuma.

Tulifika Magamba sheikh akiwa ameshafunga kitabu. Alipoisikia gari akakifungua tena.

Kurudi

Siku ya tatu tuliteremka, viazi vya kuchemsha kapuni na kabichi mbili miguuni mwa Bi Mwanaidi. Kona ya nne au ya tano nikamwuliza, "Mama Zuhura, ile chupa. Kwa nini uliitoa?"

"Tazama kona."

"Ungekaa tu, pikapu ilikuwa yako."

"Nimesema tazama kona, utatuua."

Sikumwuliza tena. Lakini kwenye ile barabara iliyonyooka kabla ya Korogwe alishika kapu mwenyewe, kabla sijamwambia, akaufunga ushungi mara mbili.

Segera yule mgambo alituona kwa mbali, akateremsha kamba, akanipigia saluti. "Shikamoo, tajiri!" Nikamwitikia kama tajiri.

Tulipoingia mjini jua lilikuwa la adhuhuri. Tukakata Nguvumali, nikauona mwarobaini wa mlangoni kwangu, na chini yake pikapu nyeupe imeegeshwa, Amirali amekaa juu ya mudigadi anakula karanga. Na pale pale, hatua hamsini kutoka mlangoni, gari ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza.

Nilijua kabla sijaangalia. Ile petroli niliyooshea kabureta zisizo na hatia, kule kwenye majani ya Lushoto. Ndiyo hizo hatua hamsini.

Mtaa mzima ukamiminika. Mnakumbuka, wengine mlikuwepo, na msijifanye hamkuwepo. "Fundi, pole! Tukusukume, ni hapo tu!" Mikono ikaanza kushika mbawa. Amirali akaruka chini akapangusa karanga kwenye suruali. Nami, nasema kweli, nilikuwa nimechoka. Miaka sitini na kitu na mlima wa Lushoto. Nikaachia usukani.

"Asiguse mtu!"

Sauti ilitoka kushoto kwangu. Bi Mwanaidi hakuteremka. Alikaa mle ndani juu ya mbuzi yake ya nazi, kabichi kati ya miguu, kidole kimeinuliwa.

"Nimesema asiguse mtu! Wewe Salimu, toa mkono! Nani kakuita? Gari hii imepanda Lushoto na imeshuka. Itaingia nyumbani kwangu kwa miguu yake."

"Mama," Amirali akasema, "haina mafuta. Itaingiaje?"

"Pikapu yako inayo."

"Ndiyo, lakini nikitoa mafuta nimejinyima gari mwenyewe."

"Ndivyo. Fungua tangi, mwanangu. Tumekaa juani."

Amirali akanitazama mimi, nami nikatazama kioo. Akaanza kucheka, kicheko kile cha siku ya kwanza, lakini akaenda kufungua. Nikatoa mpira wangu wa kusikilizia, ule ule wa sikioni, nikautia kwenye tangi la pikapu nikavuta kwa mdomo. Petroli ya pikapu ina ladha ile ile, kwa wanaotaka kujua. Debe dogo likatosha. Nikapiga hendeli, tukaingia uani wenyewe, Bi Mwanaidi akiwapungia watu kama bibi harusi.

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Amirali ameiuza pikapu yake kwa mtu wa Pongwe, na nazi zetu bado zinakuja kwa lori la kubembeleza. Kabureta zangu tatu ziko pale pale. Mafuta ya nazi nimeyarudisha jikoni, sasa natia ya cherehani, na Bi Mwanaidi analalamika cherehani yake imekauka inalia kama panya. Ijumaa akisikia nafungua boneti, huleta kigoda chake akakaa. Juzi alininyang'anya mpira, akautia sikioni mwake, akasikiliza ya kwanza, ya kati, ya mwisho.

"Ya kati imenuna," akasema.

Na ilikuwa kweli imenuna. Kwa hiyo atakayetaka kuja kuniambia nizitoe niweke moja ya pikapu, aje. Lakini apite kwanza kizingitini, amwambie yeye.